Mwaka Niliokataa Kutia Sahihi

Dokta Chonya amefariki, na wanawe wamenitumia wasifu wake kwenye simu niupitie kabla haujapelekwa kuchapwa. Ukurasa wa pili unasema marehemu ndiye aliyeongoza utafiti wa Mpimbwe "uliosafisha jina la wafugaji". Nimeusoma mstari huo nimesimama jikoni mpaka chai ikachemka na kumwagika kwenye jiko. Mtu huyu nilimwogopa, nikamheshimu, nikagombana naye, na kwa miaka mingi nikiulizwa habari zake nilijibu tu kwamba alinifundisha kuandika. Hilo ni kweli na sitamnyima. Lakini jina la wafugaji hakulisafisha yeye. Alikaribia kulichafua, na mkono ulioanza kulichafua ulikuwa wangu. Nimewajibu wanawe kwa adabu kwamba mstari ule siukubali, uondolewe. Wamekasirika. Wakasirike. Nina umri wa kutosha sasa wa kukasirikiwa, na mwaka ule niliuishi mwenyewe, kwa hiyo nitauandika mwenyewe.

Nilikuwa na miaka ishirini na sita, fundi wa maabara ya mifugo, na Mpanda ilikuwa bado imo ndani ya Mkoa wa Rukwa. Utafiti wetu ulipanga vyumba viwili Majengo, uani kwa Mama Zubeda, mfanyabiashara wa mchele na samaki wakavu aina ya migebuka kutoka Ikola. Chumba cha nyuma kilikuwa na friji ya gesi ya kutunzia damu za ng'ombe, hadubini moja, na mashine ya kuzungushia mirija ambayo ilipiga kelele hadi kuku wa Mama Zubeda wakahama upande ule wa ua. Chumba cha mbele kilikuwa na meza, laptopu mbili, na modemu iliyoshika mtandao pale tu ulipoiweka dirishani juu ya kopo la maziwa. Umeme ulikuwa wa kubahatisha. Samaki walikuwa wakianikwa nje ya dirisha lilelile, na harufu yao iliingia kwenye kila karatasi tuliyochapa. Mpaka leo nikinunua migebuka sokoni nakumbuka majedwali.

Utafiti wenyewe ni rahisi kuueleza. Mbung'o wa pembeni mwa hifadhi huwauma ng'ombe na kuwaachia ugonjwa wa nagana. Ng'ombe anakonda, anatupa mimba, anakufa. Ilikuwepo dawa ya kumwagia mgongoni ambayo humuua mbung'o akitua. Tulichagua maboma ya wafugaji wa Kisukuma karibu na Kibaoni, nusu tukawapa dawa, nusu tukawaambia wasubiri zamu yao. Kila ng'ombe tulimvalisha hereni ya plastiki yenye namba, na kila baada ya miezi mitatu tulirudi kumtoa damu sikioni. Dokta ndiye aliyepanga yote haya. Mimi nilipima damu na kuingiza namba kwenye kompyuta. Aliyesimama kwenye zizi, matope na kinyesi mpaka kwenye vifundo vya miguu, akiandika hereni moja moja huku mapembe yakimpita mbavuni, alikuwa Kabula. Alikuwa rika langu, Msukuma, amemaliza kidato cha nne hapohapo Mpimbwe, na baba yake mdogo, Mzee Lushinge, ndiye mfugaji wa kwanza aliyekubali hereni zetu wakati wengine wakisema ni njama ya kuhesabu mifugo yao.

Damu zilipokwisha kupimwa zote, matokeo yalituvunja moyo. Ng'ombe wa maboma yenye dawa walikuwa wanaugua karibu sawa na wa maboma yasiyo na dawa. Dokta alikaa na lile jedwali asubuhi nzima, miwani juu ya paji la uso, halafu akasema tutaandika hivyo hivyo, matokeo mabaya nayo ni matokeo. Tukaanza muswada. Hapa ndipo aliponifundisha, na alinifundisha vizuri. Hakuamini skrini, alitaka kila rasimu ichapwe, akaikata kwa kalamu nyekundu, akanirudishia. Nikiandika sentensi ya kupendeza aliizungushia duara na kuuliza kwa sauti, "Domitila, hii umeiona au umeisikia?" Kama nimeisikia, aliifuta. Kama nimeiona, alitaka nimwonyeshe namba. Alinifanya niandike ikisiri mara kumi na moja. Nililia mara mbili, nikaificha sura yangu nyuma ya hadubini, na bado nilirudi asubuhi kwa sababu hakuna mtu kabla yake aliyewahi kudhani kwamba mimi naweza kuandika jambo likasomwa na mtu asiyenijua. Alikuwa pia ameahidi kuniandikia barua ya kuniombea nafasi ya shahada ya pili. Bila barua yake nafasi ile haikuwepo, na yeye alijua, na mimi nilijua anajua.

Mchana tulikula kwa Mama Zubeda, kwenye mkeka kibarazani, wali wa Mpimbwe na maharage, au ugali na migebuka wa kuunga nazi pale alipopata nazi. Maongezi ya pale yalikuwa matamu kuliko redio. Siku moja Dokta alilalamika kwamba dawa imeshindwa, na Mama Zubeda, akipakua, akasema bila hata kugeuka, "Dawa gani ishindwe? Hao Wasukuma wenu si wameiuza. Nyie mnawapa bure, wao wanapeleka mnadani. Watu wote wanasema." Tulicheka. Nilicheka na mimi. Kesho yake nilipofungua rasimu nikakuta kwenye sehemu ya majadiliano sentensi mpya ya Dokta, kwa Kiingereza safi: kwamba matokeo hafifu yanaelezwa na wafugaji kutofuata maelekezo, na kwamba inaelekea sehemu ya dawa iliuzwa. Niliiona. Nikaipita. Nilirekebisha nafasi baada ya nukta nikaendelea na marejeo. Naliandika hili kwa aibu, maana kalamu nyekundu ilikuwa mezani, hatua moja kutoka mkononi mwangu.

Jarida tuliloliandikia lilitaka tuambatishe namba zote ghafi, kila ng'ombe na mstari wake, na fomu yenye sahihi za waandishi wote watatu: Dokta, mwenzake wa takwimu aliyekuwa chuoni, na mimi. Nikamwomba Kabula alete madaftari ya zizini nihakiki kwa mara ya mwisho. Alifika na lori la mchele, amevaa kitenge juu ya suruali, madaftari manne ameyafunga ndani ya mfuko wa mbolea yasilowe. Mama Zubeda akatuwekea ugali na samaki, tukala huku daftari liko wazi katikati yetu. Nilitaka kumtania kidogo.

"Namba mia mbili kumi na nne ni ya kwa baba yako mdogo," nikamwambia. "Mbona mwezi wa sita umeiandika kwenye boma la Mzee Ndaki? Ulikuwa unasinzia?"

"Si alikuwa huko."

"Nani?"

"Ng'ombe, dada. Alikuwa kwa Ndaki."

"Nilijua umechanganya, nikakurekebishia."

Aliliweka tonge lake chini. "Umenirekebishia nini?"

Nikamwonyesha kwenye laptopu, tena kwa majivuno. Kila hereni niliyoikuta kwenye boma lisilo lake niliirudisha kwenye boma nililoijua tangu siku ya kuvalishwa. Nilifanya hivyo mwaka mzima, kila awamu, nikijiona makini. Kabula alitazama skrini, akafungua daftari, akatazama tena skrini. Halafu akaniuliza taratibu, "We dada, kwani kwenu mnajua ng'ombe analala palepale siku zote?"

Kwetu ni watu wa jembe. Nilikulia kwenye mihogo na mahindi, na shamba ulilolipima mwezi wa kwanza utalikuta mahali pake mwezi wa sita. Kabula alinieleza kitu ambacho kila mtoto wa mfugaji anakijua. Kinaitwa kubilisa. Mtu mwenye ng'ombe haweki wote boma moja, maana ugonjwa ukija, au wezi, au malisho yakikauka, atabaki na nini? Anampelekea shemeji watano, rafiki wawili, jirani mmoja. Yule anawachunga na kunywa maziwa, lakini ng'ombe wanabaki wa mwenyewe, na siku akiwataka anawachukua. Wanakwenda, wanarudi, na hakuna anayetangaza, kwa sababu kumuuliza mtu mbele za watu kwamba huyu ng'ombe ni wa nani na yule ni wa nani ni kukosa adabu kabisa. Hatukuuliza. Dodoso letu lilikuwa na maswali juu ya choo, maji na idadi ya watoto, na hilo halikuwemo.

"Na wewe mbona hukuniambia?" nikamuuliza.

"Nikwambie nini? Niliandika. Kila alipokuwa, nimeandika."

Ndivyo ilivyokuwa. Ng'ombe wa boma lenye dawa walikuwa wamehamia kwenye maboma yasiyo na dawa na kuumwa na mbung'o huko, na wengine wasiowahi kumwagiwa tone walikuwa wamehamia kwenye dawa. Daftari la Kabula lilisema ukweli huo waziwazi, ukurasa baada ya ukurasa, na mimi, mwenye cheti cha chuo, nilikaa Majengo kwenye kiti na kuufuta. Sikulala vizuri siku zile. Tulikaa siku mbili yeye akisoma mimi nikiingiza upya, kila ng'ombe mahali alipolala kweli. Kisha tukawatenga wale ambao hawakuhama kabisa. Kwa hao, dawa ilikuwa imefanya kazi. Haikuhitaji mtaalamu wa takwimu kuiona. Kabula alipiga meza kwa kiganja, na Mama Zubeda akaita kutoka jikoni kuuliza nani ameanguka.

Nilitaka kusikia kwa masikio yangu, kwa hiyo tulikwenda Kibaoni na gari la mradi. Tulipita hifadhini madirisha yamefungwa, joto la kukausha mdomo, na bado mbung'o wawili wakaingia na kuniuma shingoni, nami nikaona nimestahili. Mzee Lushinge alitupokea kwa maziwa ya mgando. Aliposikia swali letu alimtazama Kabula kwa muda, si kwa furaha, kisha akakubali kwamba ndiyo, alikuwa amebilisa, na akataja maboma mawili tu, basi. Ndipo nikamwambia habari ya ile sentensi. Sikutumwa kumwambia. Nilimwambia kwa sababu yeye ndiye aliyeandikwa.

"Wameandika tumeuza dawa?"

"Ndiyo, baba. Bado haijatumwa."

Aliuliza itasomwa na nani. Nikamwambia wataalamu, serikali, watu wa nchi za nje, watu wenye uwezo wa kuleta dawa au kuiondoa. Wakati ule mfugaji alikuwa anatafutwa kwa tochi apewe lawama, na sentensi moja ya kitaalamu ingetosha kusomwa kwenye vikao vya miaka kumi.

"Andikeni ng'ombe wangu wanaumwa," akasema. "Wanaumwa kweli, sitakataa. Lakini mkiandika nimeuza dawa, nimekuwa mwizi kwa kila atakayesoma, na mimi kusoma sijui. Nitamjibu na nini?"

Tulirudi Majengo siku hiyo hiyo, nikamweleza Dokta yote.

Dokta alinisikiliza mpaka mwisho. Hilo nalo nimpe. Alitazama jedwali jipya, akaelewa upesi kuliko nilivyoelewa mimi, na nikaona uso wake ukichoka. Maombi yake ya uprofesa yalikuwa yanafungwa mwisho wa mwezi, na makala hii ndiyo iliyobaki. Kuandika upya kungechukua miezi. Alianza kwa upole. Akasema kosa kama hili lipo kwenye kila utafiti, tutaongeza maneno mawili kwamba kulikuwa na makosa ya uandishi uwandani, na muswada uende.

"Makosa ya nani, Dokta?"

"Ya uwandani. Kwa ujumla."

"Uwandani ni Kabula. Kabula hakukosea. Nimekosea mimi. Andika mimi."

"Hakuna jarida linaloandika hivyo. Utajiharibia kabla hujaanza."

"Na ile ya dawa kuuzwa. Umeiona au umeisikia?"

Alivua miwani. Ninamkumbuka akiifuta kwa pindo la shati, kwa muda mrefu, wakati haikuwa na vumbi. "Usinifundishe kazi niliyokufundisha," akasema. Kisha akaisogeza ile fomu mbele yangu, sahihi yake ikiwa tayari juu. "Tia sahihi, Domitila. Barua yako ya masomo nimeshaiandika. Iko humu kwenye mkoba." Nikamwambia sitatia. Akasema nitafakari. Nikaenda chumba cha nyuma kuosha mirija isiyo na uchafu, na kupitia pazia nikamsikia akizungumza na simu, "Ni kiburi tu cha msichana. Atatia. Atake asitake ana shida na barua." Nikaubana mrija mmoja mpaka ukavunjika. Naikumbuka hasira ile kama jambo zuri. Ilinisimamisha wima. Nilikuwa nimekaa mwaka mzima nikimwogopa mtu ambaye alidhani anaijua bei yangu, na sasa nimemsikia akiitaja, na ilikuwa ndogo.

Nikatoka na kumwambia mbele ya Mama Zubeda, aliyekuwa ameleta chai, kwamba nimetafakari na sitatia, na kwamba akiondoa jina langu ili aitume bila mimi nitamwandikia mhariri na kumtumia picha za kila ukurasa wa daftari. Mama Zubeda alikaa na sinia mkononi. "Jamani, nyie si mlikuwa mnaelewana?" akauliza. Kisha, alipojua habari ni ya dawa kuuzwa, akasema kwa haraka, "Lakini mimi si nilisema tu watu wanasema! Sikusema nimeona." Dokta alifunga laptopu yake, akapanga nguo, na jioni ya kesho yake akapanda treni ya Tabora. Mkoba ulikwenda naye na barua ndani yake. Madaftari aliyaacha, ama kwa kusahau ama kwa makusudi. Nimejiuliza sana na sitajua tena.

Sikusubiri aamue. Nilimwandikia yule mwenzake wa takwimu, nikamweleza kosa langu tangu mwanzo, nikaambatisha picha. Modemu ilichukua nusu siku kuzipandisha, mimi nimeshikilia kopo lisianguke. Alijibu mistari miwili: na yeye hatii sahihi, na kama tutaandika upya atatusaidia mahesabu. Muswada wa kwanza ukafia hapo. Dokta hakupata uprofesa mwaka ule, na kwa hilo hakunisamehe. Shahada yangu ya pili ilikuja baada ya miaka tisa, kwa njia nyingine na kwa jasho langu. Watu wameniuliza kama ninajuta. Ninajuta kurekebisha nafasi baada ya nukta. La kukataa sijutii hata dakika moja, na hata ningejua ni miaka tisa ningekataa tena.

Tuliandika upya mimi na Kabula, miezi minne, pale pale Majengo, kodi ikiwa imelipwa mpaka Desemba. Yeye hakuandika Kiingereza, lakini hakuna sentensi juu ya boma iliyopita bila kuihoji. Niliandika "ng'ombe hubadilishwa makazi" akakataa. Akasema ng'ombe habadilishwi kitu, mwenyewe ndiye anayeamua, na huyo mwenyewe yuko wapi kwenye sentensi? Nilimwandikia Dokta mara mbili kumwomba awemo, kwa kuwa utafiti aliupanga yeye. Hakujibu. Tukamshukuru mwishoni kwa jina na cheo chake, kama haki yake. Kwenye sehemu ya mbinu niliandika wazi kwamba maboma ya baadhi ya hereni yalibadilishwa kimakosa na mwandishi wa kwanza, na kwamba yalirudishwa kutokana na madaftari ya mwandishi wa pili. Mwandishi wa pili alikuwa Kabula. Fomu ya mtandaoni ilikataa kuendelea bila jina la taasisi yake, nikajaza "Boma la Lushinge, Kibaoni", ikakubali.

Wiki ya mwisho ya Novemba, mvua zimeanza, mhariri aliandika. Makala imependwa, alisema, kuna jambo dogo tu. Mwandishi wa pili anaonekana hana shahada wala taasisi inayotambulika. Je, haingefaa ahamishiwe kwenye shukrani, kama ilivyo kawaida kwa wasaidizi wa uwandani? Nilimsomea Kabula. Akatazama dirishani, kisha akasema, "Basi dada, niweke huko kwenye shukrani. Si jina litaonekana? Usije ukakosa tena kwa sababu yangu." Alisema kwa wema, na wema ule uliniuma kuliko maneno yote ya Dokta.

Nikaandika jibu hapo hapo, bila rasimu, bila kuchapa, bila kalamu nyekundu. Niliandika kwamba katika utafiti huu mtu mmoja aliandika namba sahihi na mwingine akaziharibu. Aliyeziharibu ana cheti cha chuo, na jina lake limekubaliwa bila swali. Aliyeziandika sahihi ni huyu mnayeuliza ana nini. Kama yeye anatoka, na mimi natoka, na mtabaki na takwimu zisizo na mtu aliyeziona.

"Umemwambia nini?" Kabula akauliza. Nikamtafsiria neno kwa neno. Aliivuta laptopu upande wake, akautafuta mshale kwa kidole, na akalituma jibu yeye mwenyewe.